Masaji ni biashara, halmashauri ziisimamie kama biashara

KWA miaka mingi sasa biashara ya masaji imekuwa ikikua katika miji yetu bila utaratibu unaoeleweka. Ukipita Sinza au Kinondoni jijini Dar es Salaam, au ukifika Arusha na Moshi ambako watalii huteremka mlimani miguu ikiwauma, utaona mbao zilizoandikwa saluni na urembo kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa herufi ndogo, masaji. Herufi hizo ndogo zinaeleza hali halisi ya biashara hii. Ipo, inalipa kodi ya fremu, inaajiri watu, lakini inajificha nyuma ya jina la biashara nyingine.

Msomaji wa kurasa hizi anaweza kuuliza masaji inamhusu nini mkulima wa nazi wa Mafia au mchuuzi wa parachichi wa Njombe. Inamhusu, na tutaeleza kwa hesabu. Tuchukulie kituo kidogo chenye wateja sita kwa siku, kila mteja akitumia mililita 40 za mafuta, na kituo kikafanya kazi siku 26 kwa mwezi. Hizo ni zaidi ya lita sita za mafuta kila mwezi. Lita moja ya mafuta ya nazi huhitaji kati ya nazi 10 na 15, kutegemea ukubwa wake na ustadi wa mkamuaji. Kwa hiyo kituo kimoja cha namna hiyo ni soko la nazi zisizopungua 60 kwa mwezi, mwaka mzima, bila kusubiri Ramadhani. Vituo 100 ni soko la nazi 6,000. Hapo hatujataja mafuta ya parachichi, ambayo yanaweza kukamuliwa kutokana na matunda yaliyokataliwa na wanunuzi wa nje kwa sababu ya umbo au mikwaruzo, wala mlonge, ubuyu, mchaichai na karafuu. Ni mazao ambayo mkulima mdogo anaweza kuyasindika nyumbani au kwenye kikundi, na hahitaji meli kuyafikisha sokoni.

Soko hilo haliwezi kusimama juu ya biashara inayofungwa na kufunguliwa kwa amri za ghafla. Mama anayekamua mafuta Mkuranga akipeleka madumu mjini kwa mali kauli, kisha akarudi mwezi unaofuata na kukuta kituo kimewekwa kufuli baada ya msako, hasara si ya mwenye kituo peke yake. Fedha za madumu zimepotea, na hakuna ofisi ya kuzidai.

Tatizo letu ni kwamba mamlaka zinaishughulikia masaji kwa mikono miwili isiyoonana. Mkono mmoja ni wa afisa biashara na mkusanya mapato. Huu hupokea ada ya leseni, hutoa stakabadhi na kuondoka. Mkono wa pili ni wa mgambo, ambao huja usiku na gari, wakati mwingine ukifuatana na kamera za waandishi wa habari, ukabeba kila aliyemo ndani, mwenye kosa na asiye na kosa. Kati ya mikono hiyo miwili ilitakiwa kuwepo kazi ya tatu, ambayo ndiyo hasa usimamizi: kukagua mahali, kuuliza nani anafanya kazi hapo na amejifunzia wapi, kuangalia taulo zinafuliwaje na maji yanatoka wapi. Kazi hiyo haina kelele wala haipigwi picha, na ndiyo inayokosekana.

Sheria hazikosekani. Sheria ya Leseni za Biashara Na. 25 ya mwaka 1972 inazipa halmashauri mamlaka ya kutoa leseni kwa biashara za kundi la kawaida, huku kundi la biashara kubwa likishughulikiwa na BRELA. Sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982, yaani Na. 7 kwa wilaya na Na. 8 kwa miji, zinaziruhusu halmashauri kutunga sheria ndogo kwa idhini ya waziri mwenye dhamana, baada ya kuwatangazia wananchi ili wenye pingamizi walitoe. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa afisa afya nguvu ya kuingia na kukagua. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu mwaka 2003, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini tangu 2004. Diwani anayesema mikono yake imefungwa hajazisoma.

Kuna hoja inayotolewa mara kwa mara, na hatuwezi kuikwepa: kwamba baadhi ya vituo hivi ni madanguro yenye jina zuri. Ni kweli vipo. Wakazi wanaolalamika kwa mwenyekiti wao wa mtaa hawabuni, na mzazi ana haki ya kutotaka biashara hiyo jirani na shule. Lakini Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaharamisha danguro bila kujali ubao wa mlangoni umeandikwa nini. Ni jinai, na jinai ina polisi, ushahidi na mahakama. Halmashauri haihitaji kufuta leseni za mtaa mzima ili kumkamata mhalifu mmoja, kama ambavyo hatufungi maduka yote ya pembejeo kwa sababu mmoja ameuza mbegu bandia. Tena, kadiri kazi halali inavyosukumwa gizani ndivyo danguro linavyopata maficho mazuri zaidi, kwa kuwa wote wanafanana kwa nje, wote hawana cheti, na wote wanatoa kitu kidogo ili wasisumbuliwe.

Watu wenye ujuzi wa kweli wa kazi hii si wageni kwetu. Kabla ya neno masaji kufika, kulikuwa na wachuaji. Aliyeteguka mguu alijua nyumba ya kwenda. Mama aliyejifungua alikandwa kwa maji ya moto na mafuta ya nazi na bibi aliyejifunza kwa mama yake. Mikono hiyo bado ipo vijijini, na baadhi ya mabinti wanaofanya kazi mijini wameirithi. Wanachokosa ni karatasi. Hapa VETA ina njia ambayo haijatumika vya kutosha: utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambao umewafaa mafundi seremala, waashi na mafundi magari waliojifunzia gereji. Mchuaji hana tofauti na mafundi hao. Apimwe, aongezewe anachopungukiwa, hasa kutambua mgonjwa ambaye hapaswi kuchuliwa bali kupelekwa hospitali, kisha apewe cheti. (Ni vizuri tukumbuke kuwa mguu uliovimba kwa damu kuganda ukichuliwa unaweza kumuua mtu.)

Tunatumia mfano wa mbali kidogo kwa sababu waliotangulia wamekwisha kulipa gharama ya kujifunza. Jimbo la California nchini Marekani lilikuwa na hali ambayo kila mji ulitoza kibali chake, na mchuaji anayefanya kazi katika miji mitatu alibeba vibali vitatu, huku baadhi ya miji ikimhesabu tangu mwanzo kama mtuhumiwa wa ukahaba. Mwaka 2008 jimbo likatunga sheria, iliyoanza kutumika 2009, ya kuunda baraza la kutoa vyeti vya hiari. Mwenye cheti akaruhusiwa kufanya kazi popote jimboni, na miji ikazuiwa kumwekea masharti ya mahali ambayo haikuyaweka kwa taaluma nyingine. Nia ilikuwa njema, lakini miji ikabaki haina meno. Vituo vikazuka mtaa kwa mtaa, wakazi wakapiga kelele, na mameya wakasema hawawezi kufanya lolote. Mwaka 2014 sheria ikarekebishwa, na kuanzia Januari 2015 miji ikarudishiwa mamlaka juu ya mahali pa biashara na namna inavyoendeshwa, wakati cheti cha mtu binafsi kilibaki kwenye baraza, na sharti la mafunzo likawekwa kuwa saa 500.

Jambo lililowachukua miaka hiyo yote kulitenganisha ni kwamba mtu na mahali ni vitu viwili. Ujuzi wa mtu upimwe na chombo kinachojua ujuzi. Mahali pasimamiwe na serikali iliyo karibu na mahali hapo. Jirani zetu wa Kenya waliliandika hilo moja kwa moja katika Katiba yao ya mwaka 2010: leseni za biashara ni kazi ya kaunti, ukiondoa usimamizi wa taaluma. Sisi tumeacha yote mawili yaelee, na matokeo yake mtendaji wa kata ndiye anayeamua kama binti fulani anajua kuchua au hajui, kwa kumtazama alivyovaa.

Utata huo umeongezeka uzito tangu Julai 2025, Serikali ilipotoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15. Wakulima wanaikumbuka kwa sababu ununuzi wa mazao shambani umo. Saluni nazo zimo, isipokuwa zilizo ndani ya hoteli au zinazohudumia utalii. Je, chumba cha masaji kilicho mtaani, chenye leseni iliyoandikwa saluni, kinachopokea watalii wawili na wenyeji wanane kwa wiki, kiko upande gani? Afisa biashara wa wilaya moja anaweza kujibu hivi, na wa wilaya jirani akajibu vile. Mwananchi aliyeingia ubia na mgeni, au anayepanga katika jengo la mgeni, hawezi kuweka mtaji wake juu ya jibu linalobadilika akivuka mpaka wa halmashauri.

Wakulima wanaujua vizuri ugonjwa huu. Kwa miaka mingi mtu aliyelipa ushuru wa mazao kwenye geti moja alisimamishwa na kudaiwa tena kwenye geti la mbele. Mwaka 2003 Serikali ilifuta kodi ya maendeleo pamoja na ushuru mwingi wa kero, na mwaka 2017 ilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa ya chakula, ikazuia kutozwa kwa mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Hayakuwa maajabu. Mtu alikaa chini, akaandika kipimo kinachosomeka, na mwenye gunia tano akajua haki yake kabla hajafika getini. Kipimo kama hicho ndicho tunachokitaka kwa masaji.

Kwa maoni yetu sheria ndogo inayofaa haihitaji kurasa nyingi. Iitaje masaji kwa jina lake katika orodha ya leseni, ili mwenye kazi asilazimike kujiita msusi. Ada ilingane na ukubwa wa kituo, kwani mama mwenye kitanda kimoja hawezi kutozwa sawa na spa ya hoteli, na iruhusiwe kulipwa kwa awamu. Ukaguzi ufanywe mchana na afisa afya mwenye kitambulisho, na aache nakala ya alichokiona. Kituo kinachokosea kipewe siku za kurekebisha kabla ya kufungwa. Majina ya wafanyakazi na mikataba yao yawepo, kwa sababu katika biashara hii anayeumia zaidi ni binti aliyetolewa kijijini kwa ahadi ya mshahara, akafika mjini akaambiwa atakula kwa kamisheni na kulala humo humo kazini. Afisa anayeuliza mkataba wa binti huyo atagundua maovu mengi zaidi kuliko mgambo anayevunja mlango.

Tunatambua kuwa halmashauri nyingi zina maafisa afya wachache, na wengine hawana hata usafiri. Hiyo si sababu ya kuwaachia mgambo kazi yao. Sehemu ya ada inayokusanywa ibaki kwenye idara ya afya kugharamia ukaguzi, na madiwani waulize kila robo mwaka vituo vingapi vimekaguliwa, si shilingi ngapi zimeingia tu. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, na rasimu za ada hupita kwenye kamati miezi kadhaa kabla ya hapo. Wenye vituo wanaolalamika baada ya gari la mgambo kuondoka wanakuwa wamechelewa. Waunde umoja wao, waende kwenye baraza la kata na ofisi ya mkurugenzi wakati wa kipindi cha pingamizi, wakiwa na maandishi mkononi.

Kwa wanaokamua mafuta, usajili wa vipodozi ulihamia TBS mwaka 2019 kutoka iliyokuwa TFDA, na ofisi za SIDO mikoani huwasaidia wasindikaji wadogo kuanza taratibu hizo. Kituo chenye leseni iliyonyooka kitataka chupa yenye nembo na tarehe, si dumu lisilo na jina. Na kabla ya kuacha mzigo kwa mali kauli, mwombeni mwenye kituo awaonyeshe leseni yake, msome imeandikwa biashara gani na inaisha lini.