MIFUGO YETU: Mbuzi Azungukaye Bila Sababu

Bwana msomaji, wiki hii twataka kuzungumza juu ya ugonjwa wa maji ya moyo, ambao huua mbuzi na kondoo ghafula katika nchi kavu kama Garissa. Huletwa na kupe mkubwa mwenye madoa ya rangi mgongoni. Kupe wote Wasomali huwaita shilin, lakini huyu yafaa kumjua peke yake. Bakteria wake alitambuliwa na mtaalamu Cowdry huko Afrika ya Kusini mwaka 1925.

Mnyama hushikwa na homa kali na kuacha kula. Kisha huinua miguu juu mno akitembea, hutafuna kinywa kitupu, huzunguka mahali pamoja, na mwisho huanguka akipigapiga miguu kama aogeleaye. Wengi husema amekula jani la sumu, na mzoga hutupwa.

Wengine, wenye akili zaidi, hupeleka tone la damu ya sikio kwa daktari wa mifugo. Kwa ndigana baridi hilo ni jambo jema, kwa kuwa vijidudu vyake hukaa ndani ya chembe nyekundu za damu, nao huonekana kwa darubini. Hata ufizi huwa wa manjano. Lakini kijidudu cha maji ya moyo hujificha katika ngozi ya ndani ya mishipa ya damu, hasa ya ubongo. Kwa hiyo mnyama akifa, kichwa chake ndicho cha kupeleka upesi, kabla jua halijakiozesha. Kipande cha ubongo kidogo kama punje ya mchele husagwa kati ya vioo viwili, hutiwa rangi, na kutazamwa. Siku hizi maabara kubwa huweza kumtambua kijidudu hata katika damu ya mnyama aliye hai.

Maji kifuani ni dalili nzuri, ila si kila mzoga huwa nayo. Tena usipasue ovyo! Mzoga utokao damu puani waweza kuwa na kimeta, na homa ya Bonde la Ufa iliua watu Garissa mwaka 2006 na 2007. Mwite kwanza afisa wa mifugo.

Dawa ya oksitetrasaiklini husaidia ikidungwa siku ya homa. Mbuzi akisha kuzunguka, mara nyingi umechelewa. Basi wapime homa wenzake jioni ile ile.