Pombe ya Ubelgiji yabarikiwa, kasiksi yetu yafichwa

Tuanze mbali kidogo, kwa wale waliotutawala. Kwa miaka mingi, mwanzoni mwa mwezi wa 9, wapika pombe wa Ubelgiji wamekuwa wakikutana Brussels kwa wikendi nzima ya bia. Karamu yao inaanzia kanisani. Pipa la bia linaingizwa katika kanisa kuu la Watakatifu Mikaeli na Gudula, watu wanasali kwa heshima ya mtakatifu Arnould, msimamizi wa wapika pombe, na pipa linabarikiwa. Kiisha wanafanya maandamano, wamevaa mavazi ya chama chao, mpaka uwanja wa Grand-Place, ambapo wapika pombe wana nyumba yao wenyewe katikati ya majumba ya fahari. Pale watu wanaonja kidogo kidogo, wanauliza, wanalinganisha. Viwanda vikubwa vina meza yao, na jamaa ndogo zinazopika bia kwa mikono zina meza yao. Hakuna anayewaita walevi. Mwezi wa 11 mwaka 2016, UNESCO iliandika utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika orodha ya urithi wa wanadamu wote.

Hatuwaonei wivu. Chao ni chao, na wanakilinda vizuri. Sisi tunauliza swali moja tu: kwa nini kazi ile ile, ikifanywa na mama wa Kabare au wa Idjwi, inageuka jambo la haya? Kwa nini pipa la Brussels linapita mlango mkubwa wa kanisa, na bidoni ya kasiksi inapita nyuma ya nyumba?

Tazameni sherehe zetu. Wikendi ya utamaduni inatangazwa, siku ya posho na siku ya Mungu. Ngoma zinaletwa, vikapu vinapangwa, wazee wanavalishwa, vijana wanacheza. Halafu unapotafuta kinywaji, unakuta mwavuli wa kampuni, viti vya kampuni na chupa za kampuni. Katika karamu ya mila, kitu pekee kisicho cha mila ni kile kilicho katika kopo! Yule mama anayejua kupika kasiksi yuko nje ya ua, amekaa chini karibu na bidoni yake, na askari wa mlango anamwambia: «Mama, toka hapa, wageni banakuya.» Wageni wenyewe wamekuja kuona mila, na mila imefukuzwa mlangoni.

Wasomi wengine watacheka: «Ile ni pombe ya bazee, haina hata etiketi.» Basi tuwaeleze ni nini wanachokicheka, maana wengi wanainywa bila kujua inavyotengenezwa.

Kasiksi haianzi na pipa, inaanza na shamba. Ndizi za pombe si ndizi za kupika wala si zile za kula mbivu. Zina migomba yake, na mwenye shamba anazijua kwa jina. Mkungu unakatwa ukiwa umekomaa lakini bado haujaiva. Ndizi zinatiwa katika shimo lililotandikwa majani ya migomba, wakati mwingine linapashwa moto kwanza, linafunikwa sawasawa, na zinakaa humo siku kadhaa mpaka ziive zote pamoja. Zikitoka zinamenywa, zinakandwa na majani marefu ya porini mpaka maji matamu yaachane na nyama ya ndizi. Hayo maji, yakichujwa, njo mutobe, kinywaji cha watoto na cha wasiokunywa pombe. Ukitaka kasiksi, unaongeza maji kwa kipimo unachokijua, unatia unga wa mtama uliokaangwa, unafunika kwa majani, unaweka mahali pa joto. Baada ya siku mbili au tatu, chombo kinaanza kunong'ona. Mama anaweka sikio, ananusa, anaonja. Hana laboratwari. Sikio lake, pua yake na ulimi wake ndivyo laboratwari.

Sasa mturudie Ubelgiji. Huko Brussels na katika vijiji vya jirani wanapika bia iitwayo lambic. Hawaitii chachu ya dukani. Wanaiacha usiku kucha katika chombo kipana kilicho wazi, ili chachu za hewani ziingie zenyewe. Watu wanatoka nchi za mbali, wanalipa nauli ya ndege, wanaenda kuonja bia hiyo na kusema: ajabu! Mtama wetu na majani yetu vinafanya kazi ya namna hiyo hiyo tangu mababu, na watu wanapita wakiziba pua. Ukweli ni huu: wikendi ya bia za mikono, ambayo vijana wetu wanaiona kwenye simu na kuitamani, mababu zetu walikuwa nayo kila penye harusi, mavuno au mapatano.

Tena tuseme jambo moja ambalo chupa haiwezi kujibu. Chupa inamngojea mtu. Inaweza kukaa bohari miezi, inywewe na mtu mmoja, peke yake, usiku, mlango umefungwa. Kasiksi haikubali hivyo. Ikiiva imeiva, ukiiacha siku chache inageuka kali na kuharibika. Kwa hiyo haipikwi bila kujua ni nani watakuja. Mama anahesabu kurudi nyuma: karamu ni siku ya posho, kukamua kutakuwa katikati ya juma, basi shimo lifunikwe juma lililotangulia. Pombe yenyewe inalazimisha watu kupatana juu ya siku, kuitana, kukaa pamoja na kumaliza pamoja. Na mwenye nyumba anaonja wa kwanza, mbele ya wote, kuonyesha kwamba hakuna ubaya ndani. Mahari iliongewa mbele ya kibuyu. Waliogombana juu ya mpaka wa shamba walipatanishwa, na mrija mmoja ukapita kutoka kinywa hadi kinywa. Leo tunalia kwamba watu hawakai tena pamoja. Tumeondoa kilichowakalisha!

Kuna wanaotupinga, na tunawaheshimu. Tuwajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza wanasema: dini imekataza. Kuna makanisa yasiyokunywa pombe ya aina yoyote, na ndugu zetu Waislamu vilevile. Hao hatubishani nao, wana msimamo wao na wanaufuata. Kwao mutobe upo, na uwe mezani pamoja na kasiksi. Tunabishana na yule anayehubiri juu ya kibuyu asubuhi, na jioni anafungua chupa baridi. Huyo hakatazi pombe, anakataza ukijiji. Wakati wa ukoloni alifundishwa kwamba cha mzungu ni ustaarabu na cha nyumbani ni ushenzi, na somo hilo bado hajalifunga.

Wa pili wanasema: si safi. Hapo wana haki nusu. Katika nchi ya kipindupindu, maji yasiyochemshwa yakiingia katika mutobe ni hatari, na bidoni iliyobeba petroli jana haifai leo. Lakini jibu la uchafu ni usafi. Maji yachemshwe, vyombo vioshwe, bidoni za pombe ziwe za pombe tu, kibuyu kifunikwe, na kila mtu awe na mrija au kopo lake. Hayo yote mama anayaweza kesho asubuhi kama kuna anayemsaidia kupata kuni na maji. Rwanda pombe ya ndizi inatiwa chupani na kuuzwa dukani. Arusha, Tanzania, kuna kiwanda kinachoitengeneza. Ndizi zao hazikushuka mbinguni.

Wa tatu wanasema: mnatetea ulevi. Hapana! Hatutetei lutuku wala kanyanga, vile vinywaji vikali vya kupikwa kwa mvuke, ambavyo mtu hajui nguvu yake wala sumu iliyo ndani, na vinavyomaliza vijana wetu kwenye vichochoro. Kasiksi pia inalevya, asiyejipima ataanguka. Njo maana wazee walikuwa na sheria: mtoto hapewi, mwenye hasira hapewi cha pili, na anayetukana mbele ya wakwe anarudishwa kwake. Mlevi alikuwa na mashahidi. Sasa mlevi anajifunza peke yake, bila mkubwa yeyote kando yake.

Wa nne wanasema: kiwanda kinaleta kazi na kodi. Ni kweli. Bralima ilianzishwa Léopoldville mwaka 1923, na jamaa nyingi za nchi hii zimesomesha watoto kwa mshahara wa bia. Hatuombi kiwanda kifungwe. Lakini tukumbuke yaliyotokea. Mwezi wa 2 mwaka 2025, vita vilipoingia Bukavu, kiwanda cha bia kiliporwa; mwezi wa 6 mwaka ule, Heineken, aliyekuwa mwenye Bralima wakati ule, ilitangaza kwamba imepoteza usimamizi wa vituo vyake huko na kuwaondoa wafanyakazi wake. Ni msiba kwa waliokosa mshahara. Ni fundisho pia kwetu wote. Mtambo unaporwa, bohari inaporwa. Ujuzi ulio mkononi hauporwi. Lakini unaweza kusahauliwa, na hapo ndipo penye hatari yetu.

Maana hatari iko pande mbili. Upande wa shamba, mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulitambuliwa Masisi, kiisha ukashuka mpaka Kivu ya Kusini. Majani yanageuka manjano, ndizi zinaiva kabla ya wakati na kuoza ndani. Wadudu wanaubeba kutoka kwenye lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, na panga la mkulima linaubeba kutoka mgomba hadi mgomba. Baadhi ya ndizi za pombe ndizo zinazoupata upesi. Dawa ya kunyunyiza hakuna. Kuna bidii tu: kuondoa ua hilo mapema kwa kijiti chenye panda, bila panga, kukata shina lililougua, na kupitisha panga kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine. Lakini ni nani atajisumbua kuokoa ndizi za pombe kama pombe yenyewe ni aibu?

Upande wa watu, wanaojua kazi hii sawasawa wengi ni wazee. Binti aliyesoma anaambiwa asiguse shimo la ndizi, atachafua mikono. Akifa bibi, kipimo cha mtama kinakwenda naye. Hakuna kitabu kilichokiandika. Na Katanga ni vilevile kwa munkoyo: mzizi gani unachimbwa na unapondwa namna gani, asiyeonyeshwa hawezi kukisia.

Waswahili wanasema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kwetu mgema hajawahi kusifiwa hata siku moja. Tumsifu kwanza, kiisha tumchunge asitie maji.

Kwa hiyo tunadai mambo manne, na tunayadai kwa vyama vyote vya utamaduni, kuanzia hiki chetu. Moja, kila wikendi ya sherehe iwe na meza ya vinywaji vya mikono, katikati ya uwanja, wala si mlangoni: kasiksi, mutobe, munkoyo, na pombe ya mchikichi kwa walio na michikichi. Mbili, aliyepika asimame nyuma ya kibuyu chake, aitwe kwa jina, aeleze kazi yake kwa lugha yake, na alipwe bei ya haki kabla ya kurudi kwake. Tatu, chama kitoe kuni, maji yaliyochemshwa na vyombo safi, na kamati ionje kabla ya watu. Ine, vijana wa inivasite wapewe kazi ya kuandika: ndizi za aina gani, shimo siku ngapi, mtama kiasi gani, mwaka huu, wakati wenye kujua bado wapo.

Mwaka 2021 tulicheza barabarani wakati rumba ya Kongo mbili ilipoingia katika orodha ile ile ya UNESCO. Vema. Lakini rumba haikungojea Paris ili iwe rumba, wala kasiksi haingojei mtu wa ng'ambo aje kutuambia kwamba ni nzuri. Wabelgiji hawakuanza na UNESCO, walianza kwa kuketi na wapika pombe wao mbele ya watu wote. Sisi nasi tumkalishe mama wa Kabare katika kiti cha mbele, aonje wa kwanza kama desturi inavyotaka, kiisha atupatie.