Watoto wa Simiyu Wasisubiri Darasa la Kwanza

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,584,157 mkoani Simiyu. Sensa ya 2022 ikahesabu 2,140,497. Ndani ya miaka 10 mkoa umeongeza zaidi ya watu nusu milioni, na katika vijiji vya wakulima na wafugaji ongezeko hilo huonekana mapema katika chumba kimoja: darasa la awali.

Aliyewahi kupita shule ya msingi ya kijijini huko Itilima, Meatu au Maswa anakifahamu chumba hicho. Mara nyingi ndicho kilichobaki baada ya madarasa mengine kupata vyao. Watoto wamekaa sakafuni, bega kwa bega. Mwalimu ni mmoja. Ana vizibo vya soda vya kuhesabia, lakini havitoshi, kwa hiyo wachache wanahesabu na wengine wanatazama. Wengi wametoka nyumbani na Kisukuma pekee. Kiswahili wanakiimba kabla hawajakielewa. Ikifika saa nne na uji haupo, walio nyuma wanaanza kusinzia.

Hali hiyo ina historia. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ukafuta ada. Wazazi waliitikia kwa kishindo. Nchini kote, watoto walioandikishwa awali walitoka takriban milioni 1 mwaka 2015 hadi kupita milioni 1.5 mwaka 2016. Walimu na vyumba havikuongezeka kwa kasi hiyo. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Katika miaka iliyofuata, wastani wa shule za serikali ulipita watoto 100 kwa mwalimu.

Serikali haikukaa kimya. Fedha za mpango wa mapambano dhidi ya UVIKO-19 zilijenga madarasa 3,000 ya vituo shikizi nchini, yaani shule ndogo zinazosogezwa karibu na vitongoji vilivyo mbali na shule mama, ili mtoto wa miaka mitano asivuke korongo lenye maji kwenda kusoma. Mradi wa elimu wa BOOST, wenye thamani ya takriban shilingi trilioni 1.15, ulianza mwaka 2022 na umeleta madarasa ya mfano ya awali. Mtaala mpya nao ulianza kutumika Januari 2024, na darasa la awali lilikuwa miongoni mwa madarasa ya kwanza kuupokea.

Hata hivyo, watoto wanaongezeka kila mwaka, na kuna kazi ambazo hakuna wizara itakayozifanya kwa niaba ya kijiji. Waraka Na. 3 wa 2016, uliofafanua elimu bila malipo, ulieleza wazi kwamba chakula cha mwanafunzi ni wajibu wa mzazi na jamii. Shule nyingi hazina uji kwa sababu jambo hilo halijawahi kujadiliwa na kuamuliwa na wenye watoto wenyewe.

Simiyu ina mfano wake wa kuigwa. Mkoa huu ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyotekeleza programu ya elimu ya EQUIP-Tanzania, iliyoanza mwaka 2014. Katika vijiji ambavyo watoto wangeingia darasa la kwanza bila kupita awali, jamii zilichagua watu wao wenyewe, wakapewa mafunzo mafupi na vitabu vya hadithi, wakakaa na watoto kwa wiki kadhaa kabla ya shule kufunguliwa Januari. Hawakuwa walimu wenye vyeti. Walikuwa majirani wanaojua lugha ya watoto hao na njia ya kwenda kwao.

Kwa hiyo wito huu unawaendea wananchi wa Simiyu, na kila wilaya ya vijijini inayojiona katika picha hii. Uandikishaji wa mwaka unaofuata huanza Oktoba. Kabla ya hapo, kila mwenyekiti wa kitongoji apite nyumba kwa nyumba na kuandika jina la kila mtoto anayefikisha miaka mitano, akiwemo anayechunga ng'ombe na yule mwenye ulemavu anayefichwa ndani. Orodha hiyo isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa mujibu wa taratibu hufanyika kila baada ya miezi mitatu.

Mkutano huohuo uamue habari ya uji. Wakati wa kuchanga ni msimu wa mavuno, debe la mtama au mahindi likiwa bado lipo uani. Atakayesubiri Januari atakuta maghala yamepungua. Wazazi wapange zamu za kupika, kamati ya shule itunze stoo, na mapato na matumizi yabandikwe ukutani ambako kila mtu atayaona.

Kijiji chenye mwalimu mmoja wa awali kimtafutie msaidizi: kijana aliyemaliza kidato cha nne na yupo nyumbani, alipwe posho iliyokubaliwa hadharani, asimamiwe na mwalimu mkuu na afisa elimu kata. Penye kitongoji cha mbali, wenye ardhi watenge eneo la kituo shikizi, na vijana wafyatue tofali. Boma likifika kwenye lenta, kijiji kina hoja nzito ya kupeleka halmashauri.

Halmashauri nayo iulizwe. Simiyu ni kitovu cha pamba ya Tanzania, na ushuru wa mazao ya biashara wa asilimia 3 huingia katika mapato ya ndani ya halmashauri. Kila diwani aeleze katika kata yake ni kiasi gani cha fedha hizo kimefika darasa la awali. Wana Simiyu walioko Mwanza na Dar es Salaam, wanaochangishana kwa harusi na misiba, nao waanzishe mchango wa vitabu vya hadithi na mikeka kwa shule walizosoma.

Mkutano ujao wa kijiji ukiitishwa, mwananchi asimame na kuomba darasa la awali liwe ajenda ya kwanza, na asikubali mkutano ufungwe kabla majina ya watoto hayajasomwa.