Pikipiki Inapokohoa

Anunuaye pikipiki iliyokwisha kutumika hushauriwa na kila jirani kukaza hapa na kulegeza pale, hata skrubu za kabureta zikalika vichwa. Siku ya safari ya Koboko moshi mweusi wafuka nyuma, petroli ya kutwa yakwisha kabla ya adhuhuri, na karo ya watoto imepitia ekzosi.

Kabureta haina siri kubwa. Huchanganya hewa na petroli. Kwa uzito, sehemu 14.7 hivi za hewa huunguza sehemu moja ya petroli pasibaki kitu. Mafundi wa mashindano hupunguza hewa hadi sehemu 12 au 13, kwani wao watafuta nguvu, hawahesabu senti. Mbeba abiria asiwaige.

Jambo lisahaulikalo ni mwinuko. Arua imekaa mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kadiri ya sehemu moja katika kumi. Injini iliyopimwa pwani, ikifika huku, hunyweshwa petroli kupita kiasi. Vumbi la kiangazi nalo likiziba chujio la hewa, hali ni ile ile. Basi chujio lisafishwe kwanza, kabla ya bisbisi kushikwa.

Kazi hii ifanyike uwanjani, mbali na jiko la mkaa, kamwe si ndani ya nyumba: moshi wa ekzosi una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua.

Injini ikiwa imezimwa, skrubu ya mchanganyiko ikazwe polepole mpaka iguse, mizunguko ikihesabiwa na kuandikwa, ili pawe na njia ya kurudi. Kisha ifunguliwe mzunguko mmoja na nusu. Injini iwashwe, ipate moto, na skrubu igeuzwe robo kwa robo hata mngurumo uwe wa kasi na laini. Katika kabureta nyingine skrubu hiyo hupitisha hewa, katika nyingine petroli. Kwa hiyo sikio ndilo liaminiwe.

Lakini skrubu hiyo hutawala mwendo mdogo tu. Mwendo mkubwa ni kazi ya jeti kuu, na shahidi wake ni plagi. Baada ya mwendo wa kazi, injini ikazimwa papo hapo na kupoa, plagi ifunguliwe. Masizi meusi ni petroli nyingi. Rangi ya kahawia ni sawa. Weupe ni petroli haba, na huo ndio wa kuogopwa, kwani joto hutoboa pistoni. Katika injini ya mipigo miwili ambayo oili yake huchanganywa na petroli, uhaba huo hupunguza oili pia. Pistoni huweza kukwama na gurudumu likafunga njiani.

Petroli ya chupa za kando ya barabara, ikiwa imetiwa mafuta ya taa, haitengenezwi na skrubu yoyote. Tone lidondoshwe juu ya karatasi nyeupe: petroli safi hukauka bila alama, mafuta ya taa huacha doa.