Sisi pia ni wa Jumuiya

Bwana Mhariri,

Nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini binti yetu anayesoma Kampala bado anatozwa karo ya mgeni. Muhula uliopita alipanga foleni ya kulipa karo na Mkenya anayelala naye chumba kimoja. Mwenzake alilipa kama mwenyeji, yeye akaongezewa. Tuliuza ng'ombe kumaliza deni.

Chumbani hawatengani: Mkenya, Msomali, msichana wa Sudan Kusini na binti yetu Mhunde wanakula sombe (kisamvu) katika sufuria moja, wanasahihishana Kiingereza usiku. Inaniuma kwamba dirisha la malipo ndilo linalowagawa.

Waziri wetu wa Elimu ya Juu na viongozi wa Jumuiya, tujibuni: karo hii itasawazishwa lini?

Mzazi, Nyabiondo, Masisi