Haki ya Kukutana ni ya Kila Mtu

Ipo methali isemayo: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Twaitaja mara nyingi mikutanoni na barazani, maana kila mmoja wetu aitajapo hujihesabu kuwa yeye ndiye mnyonge. Uzito wake huonekana siku mnyonge anapokuwa mtu tusiyempenda.

Nchini Kenya siku hiyo ilifika mwaka 2013. Bwana Eric Gitari na wenzake walitaka kuandikisha chama cha kutetea haki za watu wapendao wa jinsia yao, wale ambao mitaani huitwa mashoga na wasagaji. Bodi iliyosimamia mashirika yasiyo ya serikali wakati huo ilikataa. Wangaliweza kukata tamaa au kujificha. Hawakufanya hivyo, walikwenda mahakamani mchana kweupe. Mahakama Kuu iliwapa haki mwezi wa Aprili 2015, Mahakama ya Rufaa ikaafiki mwezi wa Machi 2019, na Mahakama ya Juu ikathibitisha tarehe 24 Februari 2023, majaji watatu kwa wawili. Miaka kumi ilipita kwa kugombania cheti!

Yafaa wananchi waelewe yaliyoamuliwa. Majaji walio wengi walisema kwamba Ibara ya 36 ya Katiba ya 2010 yampa kila mtu uhuru wa kujiunga na wenzake, wala haina orodha ya wasiopendeza. Hukumu hiyo haikuhalalisha ndoa, wala haikufuta vifungu vya 162 na 165 vya Sheria ya Jinai, ambavyo Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta Mei 2019. Wanaopiga kelele kuwa taifa limeuzwa wanawatisha watu kwa maneno ambayo hayamo katika hukumu.

Husemwa pia kwamba mambo haya yameletwa na wageni. Basi na tuulize, vifungu hivyo vya adhabu vililetwa na nani? Viliandikwa na serikali ya wakoloni. Na silaha ya kunyima watu ruhusa ya kujumuika, je? Mwaka 1953 serikali hiyo hiyo ilikipiga marufuku chama cha KAU, na ilipolegeza kamba mwaka 1955 iliruhusu vyama vya wilaya tu, ili Waafrika wasisimame pamoja. Wazee wetu waliona uchungu wa kuambiwa kwamba kukutana kwao ni hatari. Haifai sisi tuirithi kalamu ile ile ya kukataza.

Wala neno hili si la makaratasi peke yake. Mwezi wa Februari 2010, huko Mtwapa, uvumi ulienea kwamba wanaume wawili watafunga ndoa. Umati ukazingira kituo cha afya, watu wakapigwa, na baadhi ya waliopigwa ndio waliotiwa mikononi mwa polisi. Mwaka 2015 wanaume wawili walikamatwa katika Kaunti ya Kwale, wakalazimishwa kupimwa miili yao kwa namna ya kufedhehesha. Mahakama ya Rufaa huko Mombasa ilisema mwezi wa Machi 2018 kwamba jambo hilo lilivunja haki zao. Watu wanaotendewa hivi wasipokuwa na chama, nani atakayewatafutia wakili?

Mwenye dini na aishike dini yake. Hapana anayemwomba aiache. Lakini imani si hati ya kumpiga jirani, wala kumtupia vyombo vyake nje, wala kumfukuza mgonjwa mlangoni pa hospitali. Polisi apokee shitaka la aliyepigwa bila kumwuliza anampenda nani. Mwenye nyumba atazame kodi, asichungulie chumbani. Na sisi wengine, uvumi ukipita mtaani na vijana wakiokota mawe, tusifunge madirisha. Tutoke tuseme: huyu ni mtu wa hapa, mwacheni.

Leo umati umesimama mlangoni pake. Kesho waweza kusimama mlangoni pa mwenye kabila jingine, dini nyingine, au chama kingine, na umati uliokwisha kuzoea mawe hausomi Katiba.