Jerikeni la Namba: Vijana wa Kambi Tufundishwe Hesabu ya Ndani ya Kompyuta



Leo tuko na neno moja kuhusu mafunzo ya kompyuta tunayopewa kambini. Tunafundishwa kutengeneza tovuti, kupanga rangi, kuweka picha, halafu tunapewa cheti na kupigwa picha nacho. Ni vizuri, tunashukuru. Lakini hesabu inayofanyika ndani ya mashine yenyewe, hiyo hatufundishwi. Na siku hizi mgao wetu unapita kwenye hesabu hiyo kabla haujafika mkononi. Sisi tunasema tufundishwe hiyo pia, tusibaki watu wa kubonyeza tu.

Tuanze na kitu kila mtu hapa anajua: jerikeni la lita 20. Ukilijaza na kuendelea kumimina, maji ya ziada yanamwagika, lakini lita 20 zako zinabaki. Kompyuta nayo huweka namba kwenye vyombo vya ukubwa maalum, vinavyopimwa kwa biti. Chombo cha biti 8 mwisho wake ni 255. Ukiongeza 1 tu, haipati 256, inapata 0. Yaani tone moja la ziada na jerikeni lote linaonekana tupu! Wataalamu wanaita hali hiyo kufurika.

Kompyuta nyingi za leo hufanya hesabu kwa chombo cha biti 64. Mwisho wake ni 18,446,744,073,709,551,615. Utasema, namba kubwa hivyo inatosha kila kitu, si ndiyo? Hapana. Kuna mifumo inayotaka biti 256, na mmojawapo ni Ethereum, daftari la pamoja ambalo nakala zake zinakaa kwenye kompyuta nyingi. Namba za biti 256 zinafika tarakimu 78. Si kwamba kuna mtu mwenye pesa hizo. Ni kwamba funguo za siri na alama za kuhakiki kumbukumbu zina ukubwa huo.

Sasa mashine ya biti 64 inafanyaje? Hapo ndipo maktaba za programu zinaingia. Mojawapo inaitwa uint256, imeandikwa kwa lugha ya Go. Inachukua vyombo vinne vya biti 64 na kuvipanga kama namba moja. Kujumlisha kwake ni kama tulivyojifunza shule ya msingi: unaanza kulia, kikijaa unabeba 1 kwenda chombo kinachofuata. Go yenyewe ina maktaba nyingine, math/big, inayokubali namba ya ukubwa wowote. Ila hiyo haijui namba itafika wapi, kwa hiyo mara kwa mara inaomba nafasi mpya kwenye kumbukumbu, na kuomba huko kunachelewesha kazi. uint256 inajua ukubwa tangu mwanzo, ndiyo maana inakimbia. Na ina njia za kujumlisha na kuzidisha zinazokujibu mambo mawili: jibu lako ni hili, na limefurika au halikufurika.

Hili linatuhusu vipi? Mwaka 2017, shirika la WFP lilianza kutumia mfumo unaoitwa Building Blocks katika kambi ya Azraq, Jordan, kwa wakimbizi wa Syria wapatao 10,000. Mtu alifika dukani, akaangalia kamera kwa jicho, na pesa ya chakula ikakatwa kwenye hesabu yake. Mfumo huo ulijengwa kwa teknolojia ya Ethereum, kwenye mtandao wao wa ndani. Yaani wakimbizi kama sisi wameshakula kwa hesabu za namna hii.

Hatusemi mfumo wa Azraq ulikosea. Tunasema hesabu hizi zikiandikwa bila uangalifu zinaweza kukosea vibaya. Aprili 2018, sarafu moja ya kwenye Ethereum iitwayo BEC ilivunjwa kwa kuzidisha tu. Mtu aliagiza watu wawili watumiwe kila mmoja 2 kwa kipeo cha 255. Mara mbili ya namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 256, na hapo chombo kinafurika, jibu linakuwa 0. Programu ikauliza: huyu anayetuma ana salio la kutosha kulipa 0? Anayo. Ikapitisha, na wale wawili wakapata sarafu nyingi kuliko zote zilizokuwepo. Hakuna nenosiri lililoibiwa. Mwandishi hakuweka mstari wa kuuliza kama jibu limefurika.

Tunajua wengine watasema: mtu ana njaa, nyinyi mnamwambia habari za biti? Ndiyo, tunamwambia, kwa sababu njaa yake inapita humo. Karani wa dirishani akisema "mfumo umekataa," mama hawezi kubishana, na karani naye hajui kwa nini umekataa. Palipo na kijana wa kambi anayeelewa, pana mtu wa kuuliza swali la pili.

Kwa hiyo ombo letu kwa mashirika ni hili. Kwenye kozi zenu wekeni hata wiki mbili za biti, kubeba na kufurika. Na mkileta mfumo mpya wa mgao, tuambieni hesabu zake zinafanywa na nini na zilijaribiwa vipi. Lugha ya kutuelezea tunayo.

Kwetu vijana: msimbo wa uint256 uko wazi kwenye intaneti. Ni maandishi tu, hayali MB kama video. Majaribio yake yako humohumo, yanalinganisha majibu yake na ya math/big ili makosa yaonekane. Kuusoma hakuhitaji pasipoti, wala kibali cha kutoka kambini. Tukae watu watatu wanne na simu moja, tuchukue sehemu ya kujumlisha, tuifuate mstari kwa mstari na kalamu na karatasi mpaka tuone ile 1 inavyobebwa. Tukishaelewa hapo, tuingie kwenye kuzidisha.